Kaptura ya Baba Mkwe

Daktari Nyamongo wa Keumbu alikuwa amepoteza wagonjwa wachache kuliko daktari yeyote wa rika lake, na sifa hiyo aliigawa kati ya Mungu, dawa na mbio, ingawa fungu nono aliziachia mbio. Tangu siku za chuo kikuu alikimbia kila alfajiri isipokuwa Sabato. Mwanzoni majirani walitaabika. Kwao, daktari akionekana anatimua mbio barabarani, basi kuna mtu anakata roho. Kwa hiyo wanawake walitupa majembe wakamfuata, wengine wakianza kabisa kuomboleza bila kujua wanamlilia nani. Ilichukua miaka mingi wakubali kwamba mtu huyo hakuwa akienda popote.

Kaptura ndiyo iliyomletea shida. Heshima ambayo Abagusii huiita chinsoni haimruhusu baba mkwe kuonyesha mwili wake mbele ya mke wa mwanawe. Hata mkono hawapeani. Tangu Ogeto, kifungua mimba wake, amwoe Mokeira, daktari wa moyo mjini Kisii, Nyamongo alikimbia huku jicho moja likichunga magari. Akiliona la Mokeira, hujitosa katika michai kama sungura.

"Mtu aliyesoma vitabu vyote vile," mkewe Abigael alimwambia, "bado anamkimbia mtoto wa watu."

"Simkimbii, Mama Ogeto. Namheshimu kwa kasi."

Juma moja kabla ya mbio za kila mwaka za wakulima wa chai huko Itumbe, moyo wake ulianza kupiga ovyo, kama mpiga ngoma aliyelewa kabla ya harusi kuanza. Alijishika kifundo cha mkono, akausikiliza mshipa, akajua. Angekuwa mgonjwa wake, angemkataza kukimbia hapo hapo. Lakini hakuwahi kukosa mbio za Itumbe, na zaidi ya hapo hakujua mtu anayeitwa Nyamongo huamka vipi asubuhi ikiwa haamki kukimbia. Akanyamaza.

Waandalizi walitaka kila mkimbiaji wa umri wake apimwe kwanza hemani. Hilo halikumtisha, kwa maana mpimaji alikuwa rafikiye, Daktari Nyasani, aliyempitisha yeyote awezaye kusimama bila kushikiliwa. Jumapili ya mbio, hata hivyo, Nyasani alikuwa amekwenda mazishini Ogembo. Ndani ya hema alikaa Mokeira.

Abigael, aliyekuwa amemsindikiza mumewe, hakusita. Alifungua leso yake, akaitundika katikati ya hema, mume huku, mkwe kule.

"Mama, mwambie Baba avue shati," Mokeira alisema upande wa pili.

"Amesikia. Hajaziba masikio, ameziba akili."

Mkono wa Mokeira ukapenya chini ya leso na kumkabidhi Abigael kichwa cha stethoskopu, ncha za masikioni zikibaki kule.

"Shusha kidogo, Mama. Hapo ni bega."

"Mwambie daktari," Nyamongo alisema kwa adhama ya mtu aliye kifua wazi, "moyo huu ni mzima."

"Muulize kama amepata kizunguzungu."

"Hata kidogo."

Leso ilimfaa sana. Maisha yake yote aliwafundisha madaktari wanagenzi kumtazama mgonjwa usoni, kwani mdomo hudanganya; leo heshima ya mababu ilikuwa imemfunika uso.

"Na Alhamisi ulipomkumbatia ng'ombe usianguke?" Abigael aliuliza.

"Nilikuwa namsalimia."

Upande wa pili, Mokeira akazitoa ncha masikioni.

"Mama, mwambie Baba moyo wake umepoteza mpangilio. Damu inaweza kuganda humo, kisha donge likapanda kichwani. Asidhani atakufa tu kishujaa barabarani. Anaweza kuishi, akilishwa uji kwa kijiko. Leo hakimbii."

Nyamongo alikuwa amewapa wengine hukumu hiyo hiyo, karibu kwa maneno hayo hayo. Alivaa shati. "Mwambie daktari ahsante," alisema, akainua turubai la nyuma, akatokomea. Filimbi ilipolia, alikuwa katikati ya wakimbiaji.

Alikuwa hajafika mbali aliposikia pikipiki. Mokeira alikuwa amepakiwa nyuma ya boda boda, koti jeupe likipepea.

"Tumpite, daktari?" dereva aliuliza.

"Usimpite. Mkaribie tu."

Nyamongo aligeuka, akaliona koti, na miguu yake ikaamua kabla ya kichwa: akajitosa katika michai. Pikipiki ikasimama. Alisubiri, akachungulia, akatoka upande wa juu na kukimbia tena. Pikipiki ikamfuata taratibu, bila honi, bila kelele. Akaingia tena. Kando ya barabara watu walianza kupiga vigelegele.

"Mke wa mwana anamfukuza mzee!"

"Hapana, anamchunga kama ndama!"

Ndani ya shamba, bibi mmoja aitwaye Loice aliacha kuchuma, akamwangalia daktari aliyechuchumaa kati ya michai. "Umekuja kuchuma? Basi kikapu kiko wapi?"

Nyamongo hakuwa na pumzi ya kumjibu. Moyo ulikwenda mbio, ukajikwaa, ukasimama kama unafikiri, ukaendelea. Mikono yake ilikuwa baridi. Kwa mara ya kwanza aliogopa kama waogopavyo wagonjwa, bila Kilatini chochote cha kidaktari.

Barabarani Mokeira alishuka, akaligeuzia shamba mgongo. "Baba, nitakaa hapa hadi jioni."

"Unaitumia heshima kama rungu!"

"Wewe uliitumia kama pazia."

Loice alikohoa kwa furaha. Mwishowe sauti ilitoka majanini, ndogo kuliko alivyotaka.

"Utanipa dawa gani ya kuzuia damu isigande?"

"Ya mara mbili kwa siku."

"Mimi ningempa mzee kama huyu ya mara moja. Ni msahaulifu, na ni mkaidi."

"Nimekubali ukaidi. Usahaulifu sijauona. Ni mara mbili."

"Na nitatembea?"

"Utatembea, Baba. Polepole, tukishautuliza moyo."

Mokeira alivua koti, akalirusha nyuma bila kugeuka. Nyamongo alijifunga nalo kiunoni, likamfika magotini, akatoka. Mokeira akatangulia, yeye akamfuata hatua kwa hatua, na dereva akaisukuma pikipiki nyuma yao. Wakimbiaji wa mwisho waliwapita, mmoja wao mwanamke mnene aliyekuwa akila ndizi.

"Pole, daktari," alisema mwanamke.

"Inua magoti," Nyamongo alimjibu.