Ufa Chini ya Kitanda cha Kaka

Mchimba visima alikuwa futi tisini chini, amekalia ndoo iliyopinduliwa, akisukuma mwamba kwa miguu. Mwamba huo ulikuwa wa moto, laini kama uji mzito. Ulipanda kutoka chini kabisa, ukafika kwenye ganda la dunia na kugawanyika, nusu mashariki, nusu magharibi, ukiburuta kila kilichokuwa juu yake. Kwa kawaida huenda mwendo wa kucha kuota. Yeye aliuharakisha.

Mwaka juzi, akichimba hapa hapa kwenye kiwanja cha marehemu baba yao, kaka yake aliyeshika kamba alimteremshia karatasi ndani ya ndoo.

"Weka dole gumba, mdogo wangu. Ya kuombea saruji hiyo."

Kusoma hakujui. Aliweka, na tope lake. Alipopanda juu, kiwanja kilikuwa cha kaka peke yake, na geti lina kufuli jipya. Akarudi chini. Kisima tu ndicho ambacho hakikutajwa kwenye karatasi.

Aliuelekeza mwamba chini ya chumba cha kaka. Jumatatu ufa ulianza chini ya kitanda. Jumatano kitanda kilikatika. Shemeji alibaki magharibi na jiko. Mumewe mashariki na kisima, mpapai na geti lililofungwa. Waliweka ubao. Ijumaa ubao ukawa mfupi.

"Mke wangu, nirushie ufunguo!"

"Upi? Wa kufuli ulilomfungia mdogo wako?" Shemeji aliendelea kukoroga chungu. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake.

Ufa ulipofika upana wa hatua arobaini, mpima ardhi alikuja, akasimama upande wa jiko na kurusha kamba ya kupimia ng'ambo.

"Kiwanja kimeongezeka," alisema. Karatasi ilisema kiwanja chote, kwa hiyo ongezeko lote aliliandika kwa jina la kaka, akagonga muhuri, akaenda zake.

Kaka aliinama kwenye kisima. "Umesikia, we fuko? Unanitanulia!"

"Nimesikia, kaka. Umekula?"

Kaka aliutazama mpapai.

"Mapapai."

"Na jana?"

"Mapapai."

Mchimba akakaa vizuri kwenye ndoo, akaegemeza mgongo ukutani, akasukuma tena.