Kapeti la Kikundi

Nyumba yetu hapa Kiganjo ni ya mbao, na sakafu ilikuwa ya udongo. Binti yetu Wachuka, mwenye miaka sita, alikuwa na pumu, na kila daktari alituambia tupunguze vumbi. Kwa hiyo zamu ya mke wangu Beth ya kununuliwa zawadi ilipofika mwezi wa saba, akina mama wa kikundi cha kanisa hawakumletea sufuria wala blanketi. Walimletea kapeti la plastiki lenye maua mekundu. Walilitandika wenyewe, ukuta hadi ukuta, wakapiga magoti juu yake wakamwombea mtoto.

"Sasa vumbi itatoka wapi?" Sophie, mwenyekiti wao, aliuliza akicheka. "Hata Baba Wachuka atajifunza kuvua viatu!"

Nilijifunza.

Mimi hutengeneza redio, kazi niliyojifunza kwa kufungua zilizokufa. Nimezoea kuandika kabla ya kugusa. Kila siku Wachuka alipobanwa kifua niliitia alama kwenye kalenda. Kabla ya kapeti zilikuwa mbili au tatu kwa mwezi. Mwezi wa tisa zilifika kumi na moja. Nikaitoa kalenda ukutani, nikaipeleka kliniki mjini Nyeri.

Muuguzi, Raudha, aliifuata kwa kidole. "Mwezi wa saba mlileta nini kwa nyumba?"

"Kapeti tu. Ya plastiki."

"Na jiko la makaa mnaweka wapi?"

"Juu yake, kwa kipande cha bati. Baridi ya kwetu unaijua, sista."

Aliiweka kalenda mezani. "Plastiki laini hivyo imewekewa kemikali ya kuilainisha. Haishikani sana na plastiki yenyewe. Inatoka polepole, ikipata joto inatoka zaidi, inaingia kwa vumbi, mtoto anavuta. Inavuruga homoni, na kinga ya mwili inachanganyikiwa, inapigana hata na kitu kidogo. Sisemi ndiyo ilimletea pumu. Lakini ingekuwa kwangu, ningeitoa. Na jiko likae nje."

Jioni nilimweleza Beth.

"Na Jumamosi kikundi inakuja kwetu," alisema. "Wakute udongo? Ati tumetupa zawadi yao, na waliombea hapo hapo? Ngoja waende. Jumapili uing'oe."

Zilikuwa siku nne. Nikakubali. Kosa hilo ni langu, si la Beth.

Ijumaa alasiri aliliosha kapeti kwa sabuni, kama mama yeyote anayengoja wageni. Nje kulikuwa na ukungu, kwa hiyo aliweka jiko katikati ya chumba ili kapeti likauke, akafunga mlango. Wachuka alikuwa nyuma ya pazia, akichora kitandani. Nilipofika mlangoni nilinusa harufu tamu, kama ya ndoo mpya. Kisha nikasikia kifua chake kikipiga filimbi. Tulimpulizia pampu yake ya dawa mara sita. Tukapanda pikipiki kwenda kliniki, Wachuka katikati yetu. Filimbi ilinyamaza kabla hatujafika barabara ya lami.

Jumamosi akina mama walikuja kama walivyopanga, lakini walikuja na kuni na majani ya chai.

Tulimzika Alhamisi. Akina mama walipokuwa bado wameketi nasi nyumbani, nilianza kuinua pembe ya kapeti. Sijui kama ni kapeti, ni moshi wa makaa, au ni baridi. Nilitaka tu litoke.

"Usitupe, Baba Wachuka," Sophie alisema kwa upole. "Binti yangu amejifungua juzi, na nyumba yake ni vumbi tupu. Itamsaidia mtoto."

Nilibaki nimeshika pembe ile. Wote waliolinunua walikuwa pale, wakinitazama.

"Mama Peterson," Beth alimwambia Sophie, "usimpelekee huyo mtoto."

Akaanza kuwaeleza, kuanzia kalenda. Alipofika kwenye jiko, sauti ilikatika, akangoja, akaendelea. Sophie alitazama maua yaliyokuwa chini yake, kisha akavuta miguu yake taratibu hadi kwenye udongo niliokuwa nimeufunua. Wenzake wakavuta yao, mmoja baada ya mwingine, nami nikaendelea kukunja.