Tawi Linalovuka Mshono

Kalamu ya mama yangu haikuja kwangu. Kwetu Nurota ndivyo mambo yalivyo: binti huolewa akahamia kwa watu, kwa hiyo ufundi wa nyumba hupewa mkaza mwana, yule anayebaki. Mama alikuwa mchoraji wa suzani, na alipoanza kutetemeka mkono akampa kalamu yake ya tete na kikombe chake cha wino mke wa kaka yangu, Oyniso. Miaka miwili baadaye mume wangu akanirudisha nyumbani na masanduku yangu yote mawili. Kalamu ilikuwa imeshapata mwenyewe. Sikusema kitu. Nilikaa, nikapika, nikafagia ua, nikawa namwangalia wifi yangu akichora.

Kila msichana wa hapa huingia kwa mume na suzani yake, kitambaa kikubwa cha kutundika ukutani, kilichodariziwa na wanawake wa kwao. Mchoraji hachomi sindano kwa watu, yeye huchora tu. Vitambaa vyetu hutoka kwa mfumaji vikiwa vyembamba, upana wa dhiraa moja, kwa hiyo vinne huungwa kwa mishono mirefu ya haraka ili viwe kitu kimoja. Mchoraji akishachora, vinafumuliwa, kila mwanamke anachukua chake kwenda kukidarizi. Baada ya miezi vinarudi na vinashonwa tena, safari hii moja kwa moja.

Oyniso alikuwa na jina. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwa miaka mingi suzani zake zilikuwa za namna moja: miduara mikubwa, mmoja juu ya mwingine katikati ya kila kitambaa, na majani pembeni. Majira ya kupukutika majani mwaka ule tulikwenda harusi ya nyumba yenye wana wawili, wake wote wawili wamechorewa na Oyniso. Bibi mmoja mgeni alivua koti chumba kimoja, akaenda kulichukua chumba cha pili, akagombana na wenyewe kwamba ameibiwa, maana alikuwa ameshika alama ya ile suzani ukutani. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Oyniso naye alicheka, kwa midomo tu.

Wiki iliyofuata binti yake Mohira, aliyekuwa ameposwa na kijana wa mji wa Navoi, alitumiminia chai, akaweka buli chini taratibu.

"Mama, usikasirike. Mie suzani yangu nataka ninunue Samarkand."

"Ukanunue nini?"

"Zipo zimepigwa chapa tayari. Ua lipo, mstari upo, tunachoma sindano tu." Akageuza simu ili mama yake aone picha.

Oyniso hakuitazama. "Binti wa mchoraji aingie kwa watu na ya chapa."

"Mama, zako na za chapa zina tofauti gani? Zote zinajirudia. Nimelala chini ya miduara ile tangu nizaliwe. Shangazi, si umwambie."

"Shangazi anakula," nikasema, nikaongeza mkate mdomoni.

Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana. Mohira alisema atangoja hadi Navruz, mwaka mpya wetu wa mwezi wa tatu. Mama yake akimchorea kitu ambacho hajawahi kukiona, atakaa chini adarizi. Asipomchorea, atakwenda Samarkand na baba yake. Oyniso akasema sawa, akainuka kutoa vyombo, na mimi nikahesabu moyoni jambo ambalo wote watatu tulikuwa tunalijua. Mcheza kwao hutunzwa. Anayekataliwa na binti yake mwenyewe, hakuna mlango mwingine Nurota utakaomfungukia.

Alianza kuchora siku iliyofuata na hakuna kilichotoka. Alichora duara, akafuta. Alichora jani, jani likazunguka lenyewe likawa duara. Baada ya siku kumi akaniomba nimsindikize akaangalie kazi za watu wengine, kwa kuwa kaka hakuwa na nafasi na mimi nafasi ndiyo mali pekee niliyorudi nayo kutoka kwa mume.

Tulikwenda Gijduvon kwa mfinyanzi. Oyniso alikaa mbele ya sahani moja ya kahawia na buluu mpaka chai yake ikafanya utando juu. Alinakili kila nukta kwenye karatasi. Nyumbani akaihamishia kwenye kitambaa, akamwita Mohira.

Mohira aliinamisha kichwa huku, akainamisha kule. "Hii ni sahani," akasema.

Tukaenda Bukhara kwa mfua shaba. Siku nzima. Alirudi na karatasi kumi na moja, na kidole cheusi cha risasi ya penseli.

"Na hii ni sinia," Mohira akasema. "Nzuri. Lakini ni sinia, Mama. Utaniwekea na vikombe?"

Nilicheka. Nakiri nilicheka kwa raha kuliko jambo lenyewe lilivyostahili.

Mwezi wa pili ulikuwa unakwisha na wifi yangu alikuwa amekonda. Fundi wa tatu hatukwenda kumtafuta mbali. Lango letu lilikuwa limeanza kukwama, kaka akatutuma kwa Eshmurod, mchonga milango, ambaye karakana yake tumepita mbele yake zaidi ya miaka ishirini bila kuingia. Ni mzee mfupi, mkavu, mwenye ulimi wa msumeno. Alikuwa amelaza chini mbao mbili za mlango mkubwa, ubavu kwa ubavu, katikati pana pengo la kupitisha kisu. Akatuashiria tukae, bila kuiweka chini penseli aliyoshika. Kisha akapiga magoti, akaanza kuchora mzabibu pembe ya chini kushoto, penseli ikapanda, ikafika kwenye pengo, ikaruka, ikaendelea ubao wa pili hadi juu kabisa. Mkono haukusita hata kidogo.

Oyniso alikuwa amesimama. "Fundi," akasema, "na ikikosana hapo katikati?"

"Itakosana."

"Halafu?"

"Halafu nini? Huu ni mti wa mforsadi, dada. Mvua ikija unavimba, jua likija unajikunja. Kwa mwaka mzima mzabibu huu utakutana sawasawa siku mbili, tuseme tatu. Na siku hizo mwenye nyumba atakuwa sokoni."

"Watu hawalalamiki?"

"Watu wanalalamika mlango ukilia." Akafuta vumbi la mbao kwenye nyusi. "Nikiliogopa pengo, nitachonga ua langu huku na ua langu kule. Hiyo ni milango miwili imesimama pamoja. Hata mtengeneza makabati anaweza hiyo. Mlikuja kwa ajili ya lango?"

Tulisahau kumweleza vizuri habari za lango, na ilibidi kaka aende mwenyewe kesho yake.

Njiani Oyniso alitembea mbele yangu kidogo, mikono ndani ya mikono ya koti. Tulipofika karibu na chemchemi akasema bila kugeuka, "Unaikumbuka suzani yangu ya kwanza?"

Niliikumbuka. Ilikuwa ya kwanza kuichora bila mama kumsimamia, na mimi nilikuwa na mwezi mmoja tangu nirudi. Alichora maua ya komamanga yanayopita juu ya mishono. Vipande viliporudi vikashonwa uani kwetu mbele ya wanawake kumi na tano, na ua la katikati nusu zake zilipishana kwa upana wa kidole. Si kitu kigeni. Suzani zote za zamani zina mahali pa namna hiyo, maana mikono minne haivuti uzi sawa. Lakini mimi nilisema, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Kalamu ya mama imeanza kuchinja maua." Mama mwenyewe alicheka.

"Tangu siku ile sijavusha mstari," Oyniso akasema. "Kila ua naliweka katikati ya kitambaa chake, mbali na mshono. Duara halikosani na mtu."

"Ulikuwa mzaha," nikasema.

"Najua. Ulikuwa mzaha mzuri."

Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa nimeiona miduara ile nikajiambia, tazama, kalamu ilipewa asiyeiweza. Kumbe ni mimi niliyeitia woga. Nilinunua figili kwa mama mmoja pale barabarani ili niwe na kitu cha kushika.

Alichora siku tatu kabla ya Navruz, asubuhi, sebuleni, vitambaa vinne vimeungwa na kulazwa sakafuni. Hakuchora mzabibu wa Eshmurod. Alichora mlozi wetu wa nyuma ya tanuri, ule ambao kaka huupogoa vibaya kila mwaka, na vigutu vyake vyote. Tawi lilianzia pembe ya chini, likavuka mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu, likitoa maua popote lilipotaka, mengine juu ya mshono kabisa. Alipofika mwisho jasho lilikuwa linamdondoka puani na madirisha yalikuwa wazi, na nje ni baridi.

Mohira aliingia kutoka kazini, duka la dawa, hajavua koti. Alilifuata tawi kwa macho, kitambaa hadi kitambaa.

"Linatoka wapi hili tawi?"

"Hapo."

"Na linakwenda wapi?"

"Sijui," Oyniso akasema. "Kitambaa kimekwisha."

Mohira alivua koti, akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye kitambaa cha tatu, ambacho ndicho kilikuwa na kazi nyingi kuliko vyote. "Hiki changu," akasema. "Msimpe mtu." Oyniso akatoka kwenda jikoni na tukasikia maji ya bomba yakimwagika muda mrefu bila kusikia chombo chochote kikioshwa.

Oyniso ndiye aliyegawa vilivyobaki. Cha kwanza akachukua mwenyewe, maana kwa binti yake hata mchoraji huchoma sindano. Cha nne akampa mke wa jirani. Cha pili akaniwekea magotini.

Mkono wangu mgumu, navuta uzi. Mama alikuwa akinikanya tangu utotoni. Na masika yale nilivuta zaidi, kwa sababu ambayo sikuipenda: kila nilipochoma nilikuwa nafuata mstari wa kalamu ambayo ingekuwa yangu, na mstari ule ulikuwa mzuri. Ungekuwa mbaya ningedarizi kwa amani. Nilidhani wivu nilishaumaliza zamani. Haukuwa umekwisha, ulikuwa unangoja kazi.

Tulivikutanisha mwezi wa tisa, siku kumi na mbili kabla ya harusi. Wanawake walikuja, chai ikapita, vitambaa vikatandikwa. Changu kilikuwa kifupi kuliko vingine kwa vidole vitatu. Kilikuwa kimejikunja chote kwa uzi wangu. Tawi lilitoka kwa Oyniso likafika kwangu likakuta njia imeshuka, likatoka kwangu likalazimika kuruka ili limfikie Mohira. Ua moja kubwa lilikuwa nusu juu, nusu chini.

Hakuna aliyefanya mzaha, na waliokuwepo siku ile ya zamani walikuwa wananitazama mimi, wakingoja.

Oyniso aliinua wembe wa kufumulia. Uso ulikuwa umemwisha damu. "Kifumuliwe," akasema. "Nitakidarizi upya mimi mwenyewe. Kitawahi."

Kisingewahi, na kila mwanamke pale alijua. Kazi ya miezi sita haifanywi kwa siku kumi na mbili. Kama kingefumuliwa, Mohira angeingia Navoi na ya chapa.

"Fumua," nikasema. "Kosa ni langu. Ua liko sawa, ni mkono wangu." Ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo juu ya kitu chochote katika nyumba ile, na sauti ilinitoka vibaya.

"Kiacheni," Mohira akasema.

"Mwanangu, ni kifupi. Huoni?"

"Naona." Alipitisha kidole kwenye lile ua lililovunjika, nusu ya juu, nusu ya chini. "Huyu ni shangazi kabisa. Hujikunja hivi hivi akiwa amenuna. Mama, Navoi sina mtu hata mmoja. Nataka awepo ukutani ananikunjia uso asubuhi. Shona."

Wanawake walicheka, na safari hii kicheko hakikuwa na mtu wa kuumia, labda mimi kidogo. Oyniso alikaa na wembe mkononi. Halafu akauweka chini ya mkeka, akatunga uzi, akaanza mshono unaotuunganisha mimi na yeye. Nilimshikia ukingo. Mikono yetu ilikuwa inagusana kila baada ya pindi na hakuna aliyeiondoa.

Siku ya harusi suzani ilitundikwa Navoi, ukuta mzima. Watu waliingia kuitazama wakiwa na sahani za pilau mikononi. Mama mmoja wa kule, mwenye mabinti watatu wa kuozesha, alikuja kukaa karibu na Oyniso, nami nilikuwa upande wa pili.

"Nichoree na mimi tawi la namna ile," akasema. "Lakini nalitaka na kule kuvunjika. Pale pale, kwenye kitambaa cha pili."

"Tawi nitachora," Oyniso akasema. "Kuvunjika sichori."

"Sasa mimi nitalipataje?"

"Kitambaa cha pili mpe wifi yako. Ila umuudhi kwanza. Miaka ishirini inatosha."

Yule mama alicheka, akadhani ni maneno ya harusini. Oyniso aliendelea kula. Mimi nilikuwa nimeacha. Muda wote nilidhani wivu wangu nimeuficha vizuri, kwa kufagia na kunyamaza. Kumbe alijua tangu mwanzo, na alipogawa vitambaa alinipa kile kinachoungana na chake.