Dame Mbili Saa ya Salamu

Mchezo wa karata, poka, ulianza saa nane mchana, misa imeisha, watu wameshiba sombe na samaki, na mbuzi wa mshindi amefungwa nyuma ya nyumba ya Francine kule Nguba, anatafuna majani bila habari. Wachezaji walikuwa wanane, viti vinane, wala si kimoja zaidi. Sheria ya klabu ilikuwa fupi na haina huruma: katika mashindano ya mwaka, wa kwanza kuishiwa na kutoka anamwachia kiti chake anayesubiri. Anayesubiri alikuwa Dany, karani wa benki. Alikuwa ameegemea ukingo wa baraza, anatazama viti kama mtu anayechagua viatu dukani.

Macho yake yalitua kwa Godelive, naye Godelive aliyaona.

Tuseme ukweli, wengi walidhani ni yeye. Kiti alichokalia kilikuwa cha mumewe Ignace, aliyefariki mwaka jana. Matanga yalipokwisha klabu ilimpa mjane kiti kile kwa huruma, na kwa huruma hiyohiyo wakacheza naye mwaka mzima. Akiweka jetoni, vile vibao vya dau, wanatupa karata wamwachie. Akishinda, wanampigia makofi kama mtoto aliyemaliza uji. Lakini Godelive alifundisha hesabu Bagira miaka thelathini, na alijua vizuri tofauti ya kushinda na kuachiwa. Nyumbani alikuwa mjane wa Ignace, kanisani mjane wa Ignace, sokoni vilevile. Alitaka mahali pamoja tu pa kuwa Godelive, na mahali penyewe ni hapa mezani. Kiti hiki alikuwa hakitoi.

Francine, mwenye nyumba, akagawa. Mkono wa kwanza kabisa, kila mtu ana jetoni elfu tatu, sawasawa. Godelive, ambaye zamu yake ilikuwa ya mwisho, akainua pembe za karata zake mbili. Dame na dame. Malkia wawili.

Akazilaza tena kifudifudi.

Dame mbili ni karata nzuri, ila ni nzuri kama nyanya zilizoiva: ukizichelewesha zinakuharibikia mkononi. Mkibaki wawili, mara nyingi zinashinda. Mkibaki sita, mmoja wao atapata tu as, ile ree, au mfalme, au takataka zinazofuatana, na wewe utabaki unakodoa macho. Zilimponza Ignace mara ngapi! Na kilichomponza ni adabu. Klabu hii ina desturi yake inayoitwa saa ya salamu: saa ya kwanza hakuna anayepandisha dau. Kila mtu anaweka hamsini yake, anaona karata, anauliza habari za watoto. Kumwondoa mtu mapema wanaona ni kumfungia mgeni mlango. Ignace, mtu wa watu, aliwaacha waingie wote kwa hamsini, nao wakaingia, wakala, wakaondoka na sahani.

Watano waliweka hamsini hamsini, wawili wakatupa karata. Zamu ikamfikia.

"Mia ine," akasema, akasukuma jetoni.

Aganze, mwalimu wa chuo, alikuwa anasimulia meno ya mtoto wake, akayaacha katikati.

"Maman, iko saa ya salamu," alisema Papa Barthélemy, mwanzilishi wa klabu na kiongozi wa kwaya ya parokia. Desturi ile aliianzisha yeye mwenyewe. "Tunaanza polepole. Rudisha tu, hatutasema kitu."

"Nilisha kukusalimia kanisani, papa. Mia ine."

Wakatupa karata mmoja mmoja, kwa upole wao uleule wa kuudhi. Barthélemy peke yake hakutupa. Uso ulikuwa umemvimba. Akaongeza jetoni zake mpaka zikafika mia nne.

"Miye nabaki."

Ndicho Godelive alichotaka: mmoja, si watano.

Francine akafunua karata tatu za wote katikati ya meza: kumi ya kopa, tisa ya kopa, na tatu nyeusi. Kopa mbili. Kama Barthélemy ameshika nyingine mbili, anahitaji moja tu, maana kopa tano zinapiga dame mbili, na bado karata mbili hazijafunuliwa. Basi asiione bure. Godelive akaweka elfu moja.

Barthélemy akasukuma jetoni zake zote.

Dany akaacha ukingo, akasogea nyuma ya kiti cha Godelive. Hata harufu ya manukato yake ilifika. Godelive akilipa na kushindwa, basi, kwaheri kiti.

Lakini Godelive alikuwa anasikiliza. Barthélemy alikuwa anaimba kwa pua, chinichini, wimbo wa sadaka wa asubuhi ile. Mwaka mzima walikuwa wakimhurumia, na mwaka mzima alikuwa akiwasoma. Papa huyu akiwa amepata karata yake hunyamaza kimya. Akiwa anaisubiri, huimba. Na sasa alikuwa ameshafika ubeti wa pili.

Anasubiri kopa, alijiambia. Hata akiwa na as, kati ya mara ishirini, kumi na moja ni zangu. Si nyingi, lakini ni zangu. Hakutetemeka. Nitasema zaidi: alifurahi.

"Nalipa."

Barthélemy akafunua as na sita, zote kopa. Karata ya nne ikaja: mbili nyeusi. Wimbo ukapanda. Ya tano: mfalme. Mweusi. Kopa haikuja, dame mbili zikashinda.

Wimbo ukakatika. Barthélemy alisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka.

"Godelive!" alipiga kelele. "We Godelive, uko mubaya! Mukono ya kwanza! Unanitoa miye, kwa kiti yangu, saa ya salamu!"

"Papa, polepole," alisema Aganze. "Ni mujane."

"Mujane gani? Ni Godelive!"

Tangu mazishi hakuna mtu aliyekuwa amemkasirikia. Godelive aliinama kupanga jetoni zake, akazipanga mara mbili, ili wasione macho yake.

Barthélemy alikwenda zake nyuma ya nyumba kumtazama mbuzi. Dany akaokota kiti kilichoanguka, akakipangusa, akaketi ng'ambo ya meza. Akatabasamu kwa adabu.

"Habari ya batoto, maman?"

"Bazima," alisema Godelive. "Na miye ni Godelive. Weka hamsini yako."