Kata ya Kuonja

Wifi yangu Kaanaeli hakuwahi kulewa hata siku moja, na jambo hilo liliniudhi kwa miaka kumi na tisa.

Mimi Nashipae nilikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu, huku juu ya Nkoaranga. Yeye, mke wa kaka yangu Aminiel, alikuwa mpika mbege. Watu walitoka hata Maji ya Chai, wakapanda njia za migombani wakihema, kufuata pombe yake. Kwa ajili ya kazi hiyo mchungaji alimzuia kushiriki meza ya Bwana, akawa anakaa benchi la nyuma kila Jumapili. Mimi nilikaa la mbele. Nilimsema sana. Nilimwambia atakufa mlevi. Alinicheka tu, akajitwika debe la maji na kupanda mlima bila kuyumba.

"Mimi sinywi, wifi," aliniambia. "Naonja."

Na kweli alionja. Kwetu aliyepika pombe huinywa kwanza mbele ya wanywaji, ili wajue haina sumu. Kila kundi lililoketi uani kwake, Kaanaeli alichota kwa kata yake ndogo ya kibuyu, akanywa, akafuta mdomo, ndipo akawapa. Likija kundi jingine, alichota tena. Bado hapo hujahesabu za alfajiri, alipoonja kama imeiva, wala ya mwisho ya jioni, ya kujua kama italala bila kuchacha.

Mwaka ule kahawa ilipata bei nzuri na ua wake haukukauka watu. Masika ilipokwisha akaanza kukataa chakula. Harufu ya nyama ilimtapisha, na miguu ikavimba. Akawa anachemsha mizizi michungu na kuinywa, akisema ni nyongo tu. Asubuhi moja tulikuwa tunachuma kahawa pamoja, akainua uso kuelekea juani, nikaona weupe wa macho yake umegeuka njano.

Nilimfokea, maana ndivyo nilivyo nikiogopa. Kisha nikamshika mkono tukateremka hospitali.

Alitupokea dresa mmoja kijana, Ndesanjo, mwenye vidole virefu na sauti ya taratibu. Alimbonyeza Kaanaeli chini ya mbavu za kulia, naye akaruka kwa maumivu.

"Mama, unakunywa pombe?"

"Sinywi, mwanangu. Naonja tu."

Nilicheka kwa dharau. Ndesanjo hakucheka. Alileta karai, ndoo ya maji na kikombe, akauliza, "Kata yako inalingana na kikombe hiki?"

"Inalingana."

"Basi nitajie waliokuja kwako jana, kundi baada ya kundi. Anza alfajiri."

Kaanaeli akaanza kutaja. Ya alfajiri, Ndesanjo akamimina kikombe. Wachimba mifereji, kikombe. Mafundi seremala, kikombe. Wale wa Maji ya Chai walikuja mara mbili, vikombe viwili. Alitaja kama mtu anayesimulia harusi, kwa furaha, mpaka alipoona maji yamefika ukingoni mwa karai na yeye bado yuko saa tisa.

"Haya yote yamepita ndani yangu?"

"Jana peke yake," alisema Ndesanjo.

Mimi, mwenye mdomo wangu huu, nilianza kulia.

Yule kijana akaketi karibu naye. "Kichwa chako kimeizoea, mama, ndiyo maana huyumbi. Ini halizoei. Kila kata uliyoonja, ini ndilo lililobeba mzigo wake, na sasa limevimba. Ukiacha kabisa, na ile mizizi pia uache, ukala maharage na mayai na maziwa, linaweza kupata nafuu. Siwezi kukuapia. Ila ukiendelea, tumbo litajaa maji, na hapo sitakuwa na dawa ya kukupa."

"Hata kata moja?"

"Hata ya sherehe."

Alipotaja sherehe tulitazamana. Zilibaki wiki tatu tu tupeleke pombe ya mahari kwa mzee Lengai, baba wa binti ambaye Sakaya, mtoto wa pekee wa Kaanaeli, alitaka kumwoa.

Kaanaeli alifunga ua wake siku hiyo hiyo. Wateja walinung'unika, mimi nikawatimua na ufagio. Lakini pombe ya mahari ilikuwa lazima, na yeye hakuwa na nguvu hata ya kukoroga uji. Basi nikaipika mimi. Nilijifungia jikoni kwangu, nikachemsha ndizi, nikatia magome ya msesewe ya kuikaza uchungu, nikachanganya na uji wa ulezi, kama mama alivyonifundisha nikiwa msichana. Tukakubaliana tuseme ni ya Kaanaeli, maana mwenyekiti wa akina mama akijulikana amepika pombe, uenyekiti umekwisha. Nilijiona nimetenda wema mkubwa. Kata ya kuonja sikuifikiria kabisa.

Siku ikafika. Ua wa mzee Lengai ulijaa, na mbele kabisa alikaa mzee wa kanisa letu, mjomba wake binti. Mitungi ikawekwa katikati.

"Tunaambiwa huu ni mkono wa mama yake bwana harusi mwenyewe," alisema mzee Lengai. "Haya mama, onja utufungulie."

Watu wote wakamgeukia Kaanaeli. Aminiel aliinamisha kichwa. Angekataa, pombe ingerudishwa tulikotoka na binti angebaki kwao. Nani anampa binti yake mtu anayeogopa pombe yake mwenyewe? Kaanaeli alisimama polepole. Macho yake yalikuwa yameanza kupungua unjano, kidogo tu, na kila asubuhi nilikuwa nikiyatazama kama mtu anayetazama mahindi yake yakiota.

Akanipita karibu. "Moja tu, wifi," alininong'oneza.

Na mimi nilinyamaza. Nasema ukweli wangu: nilimtazama yule mzee wa kanisa, nikafikiria benchi langu la mbele, nikanyamaza. Nilinyamaza alipoinama. Nilinyamaza alipochota. Kata ilipofika kidevuni ndipo niliposikia sauti yangu.

"Si yake!"

Nikasogea hadi kwenye mitungi.

"Nimeipika mimi, jikoni kwangu, kwa mikono hii. Na aliyepika ndiye anayeonja."

Nikamnyang'anya kata, nikainywa yote huku nimemkazia macho mzee wa kanisa. Msesewe ulikuwa umezidi. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, na mzee Lengai akaangua kicheko.

"Mpishi hajafa," alisema. "Gaweni."

Mchungaji alinivua uenyekiti na kunizuia meza ya Bwana miezi mitatu. Jumapili ya ushirika nilikwenda benchi la nyuma, karibu na mlango, mahali upepo wa mlimani unapoingia. Nilikuwa na aibu, na hasira juu. Kutoka pale niliona migongo ya watu wote. Miaka kumi na tisa Kaanaeli alikuwa ameutazama mgongo wangu, na mimi sikugeuka hata mara moja.

Washiriki waliitwa mbele. Mtu akajisogeza akaketi kando yangu. Alikuwa yeye.

"Nenda," nikamwambia. "Umefunga ua, umerudishwa. Jina lako limesomwa."

"Nimesikia."

"Sasa unangoja nini?"

"Miezi yako mitatu," alisema. "Nitakwenda na wewe."

Nikamgeukia nimfokee, kama kawaida yangu. Alikuwa ananitazama, na macho yake yalikuwa meupe.