Mwalimu Aliyepanda Lori

Wazo la safari lilikuwa la Mwalimu Obitre. Kwa wiki tatu alimwambia kila mtu pale mtaani kwao Ediofe kwamba yeye na rafiki yake Swadiki, fundi seremala, wataendesha baiskeli kutoka Arua hadi Koboko kwa siku moja, na kesho yake wafike mpakani Oraba. Akanunua baiskeli ya gia. Swadiki alikuja na ile yake nzito ya kubebea mbao.

Waliondoka alfajiri. Kufikia saa nne jua lilikuwa kali, na kila walipoteremka bondeni, kilima kingine kiliwangoja. Mapaja ya Obitre yakaanza kukaza.

"Tangulia tu," alimwambia mwenzake. "Nitakukuta darajani."

Swadiki akatangulia. Muda si mrefu lori la saruji likasimama dereva anunue maji, na Obitre, bila kujipa nafasi ya kufikiri, akaomba lifti. Baiskeli ikapakiwa juu ya mifuko, naye akaegemea kando yake. Walipopita darajani alimwona Swadiki amesimama, akitazama kule walikotoka. Obitre aliinama mpaka paji la uso likagusa mfuko. Kisha akazima simu.

Alishuka nje kidogo ya Koboko, akaingia mjini akipiga pedali. Hawah, mke wa Swadiki, aliyekuwa akiishi hapo mjini mumewe akifanya kazi Arua, alimpokea kwa vigelegele, majirani wakatoka.

"Mwalimu! Sasa mzee yangu iko wapi?"

"Iko nyuma, shemeji. Amechoka kidogo."

Uongo ulimtoka kirahisi mno. Akaletewa kiti, ugali wa muhogo na mboga ya simsim. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita. Hawah alipiga simu ya mumewe; ilikuwa imeishiwa chaji. Kila alipochungulia barabarani, Obitre aligeuza uso.

Swadiki alifika jua likielekea kuzama, midomo imemkauka. Alipomwona Obitre aliiangusha baiskeli na kumkumbatia.

"Alhamdulillahi! Nilirudi nyuma, nikauliza kila duka. Nikafikiri gari imekugonga. Hata kwa mtaro niliangalia!"

Mkono wake ukasita mgongoni mwa Obitre. Shati lilikuwa limejaa saruji.

"Swadiki, mwalimu amekushinda!" jirani mmoja akacheka.

"Amenishinda," Swadiki akasema, akimpangusa mgongo polepole.

Obitre aliona heri angetukanwa.

"Si kweli," akasema. "Nilipanda lori. Nilimwona darajani, nikajificha."

Vicheko vikazima. Hawah akaingia ndani kumpashia mumewe chakula, bila kumtazama mgeni.

Swadiki akakaa chini kwa uzito. "Kwa nini hukuniita tu?" aliuliza. "Hata mimi nilichoka. Tungepanda sisi wote."

Obitre aliinamisha macho. Aliona vidole vya mwenzake, vilivyokakamaa kwa kushika usukani kutwa, vikihangaika na kamba za viatu. Akapiga magoti, akaanza kuzifungua, na Swadiki akamwacha.