Kubebwa ni kwa Maiti

Kiti kilikwama palepale kilipokwama juzi, kati ya mahindi ya Levi na mahindi ya Levi. Gurudumu la kulia lilikuwa juu ya njia, au juu ya kile ambacho watu bado wanakiita njia. La kushoto lilikuwa limeteleza kwenye mfuo na kuzama ndani ya samadi mbichi, zawadi ya ng'ombe wa plau. Nakhungu alisukuma. Samadi ikapanda na gurudumu, ikaingia viganjani, ikachuruzika hadi kwenye mkono wa blauzi. Blauzi nyeupe. Viola wa shirika la Kitale alikuwa amesema nyeupe inatoka vizuri kwenye picha.

Akajiteremsha. Akatoa ndara mbili kwenye mfuko wa kiti, akazivaa mikononi, akajifunga kamba kiunoni na kuanza kukikokota kiti nyuma yake, akipanda kilima kwa njia ya nyumbani kuelekea barabarani. Nzi walifuata. Walijua kwamba mikono yake ilikuwa na kazi na hakuna wa kuwafukuza, wakatua kwenye pembe za mdomo wake kwa raha zao.

Njia hiyo ilikuwa pana zamani. Nyanya yake aliilima kwa jembe, yeye na wanawake wenzake, kazi ya bure, ili gari la chifu wa wakati wa mzungu lipite bila kukwaruzwa na matawi. Uhuru ulipokuja, ikapitisha mikokoteni ya ng'ombe. Halafu kila msimu plau ikawa inageuzia njiani, na kila ikigeuka inachukua mfuo mmoja. Huku hakuna mtu anayeiba njia. Njia inaliwa tu, tonge kwa tonge, na mlaji anakusalimia asubuhi. Ilikuwa imebaki upana wa mguu mmoja wa mtu, na miguu ya Nakhungu haikuwa imekanyaga chini tangu utotoni, tangu msimu ule ambao friji ya zahanati, iliyoletwa kuhifadhi chanjo ya polio, ilikuwa na kazi ya kupoza soda za harusi ya mkubwa wa zahanati.

Leo alilazimika kufika. Leo ndiyo siku ambayo wazee wangezunguka mpaka.

Marehemu baba yake alikuwa amesema mbele ya watu, akiwa na akili zake: sehemu ya juu ni ya mwanangu Levi, sehemu ya chini, ile inayogusa mto, ni ya binti yangu Nakhungu. Levi alilia sana kaburini. Machozi hayajakauka, akalima zote mbili. Nakhungu alienda mpaka Bungoma mjini kuuliza. Ofisi ya ardhi ilikuwa orofani, ngazi tupu. Askari wa mlangoni akapanda kumuulizia, akashuka na jibu: aanze kwa wazee.

Kwa wazee, msemaji alikuwa Kuka Wekoye, ndugu wa babu yake.

"Mayi, mama, sikia," alimwambia siku ile, akichokonoa meno kwa kijiti. "Kwa ukoo hii, mwenye shamba anazunguka mpaka mwenyewe. Anashika kila mkonge ya mpaka na mkono yake, wazee wakiona. Hajazunguka, hajaonyeshwa. Inaenda kwa yule amezunguka."

"Basi nibebwe, kuka. Vijana wa kanisa wamekubali."

"Kubebwa ni kwa maiti."

"Nitatambaa."

"Kutambaa ni kwa mtoto. Mtoto hapewi shamba." Wazee wakacheka. Mmoja akakohoa, akatema karibu na gurudumu.

"Na kwa magurudumu?"

Kuka Wekoye akakitazama kijiti chake. "Magurudumu ni sawa. Hata baba yako alizunguka na baisikeli, mguu ikiwa imefura. Wewe kuja na kiti yako. Ukifika, umefika."

Levi alikuwa ameketi hapo hapo. Wiki ile ile akaiingiza plau kwenye njia ya chini, ya kwenda mtoni, kwa mara ya pili.

Ndipo Viola akaja na gari jeupe kutoka Kitale, na wenzake wenye kofia za jua. Shirika lao lilitaka njia za matembezi mashambani, njia laini ambazo mtu wa kiti au wa skuta ya umeme angepita, aone vilima, asikie ndege. Wapo wageni wa ng'ambo wanaopenda hayo, wazee wenye miguu iliyochoka na mifuko isiyochoka. Serikali ya kaunti ingetoa changarawe. Shirika lingetoa jina: Njia kwa Wote. Kilichopungua kilikuwa uso wa kuweka kwenye picha.

"Itafika wapi?" Nakhungu aliuliza.

"Mtoni. Wageni wanataka kusikia maji."

"Itapita kando ya mikonge?"

"Mikonge yote. Si ndiyo njia ya zamani?"

Basi akawapa uso. Akawaomba wazee mwenyewe, kwa mdomo wake, waahirishe kuzunguka mpaka hadi siku ya ufunguzi. Levi alikuwa wa kwanza kukubali. Hilo lingemshtua mtu mwenye mashaka, lakini Nakhungu alikuwa anafikiria changarawe.

*

Barabarani kulikuwa na hema, spika, na sufuria za pilau zilizotoa mvuke. Nyuma ya hema mbuzi alikuwa anachunwa, na utumbo wake ulikuwa umelala kwenye nyasi hatua chache kutoka kwenye viti vya wakubwa. Mheshimiwa, mwakilishi wa eneo, alishuka garini, akamshika Nakhungu mkono mbele ya kamera, akaona kilichobaki kiganjani mwake, akaendelea kutabasamu. Kamera zilipogeuka akanong'ona, "Leteni tishu. Haraka, bana, hii ni mavi."

Skuta ya shirika ilikuwa nyekundu, na kioo cha pembeni na kikapu mbele. Wanaume wawili wakamwinua Nakhungu wakamkalisha. Kiti chake kikabaki kando ya hema. Ndara zake akaziweka kikapuni. Nailoni ya kiwandani ilikuwa bado juu ya kiti cha skuta, na ilipiga kelele kila alipojisogeza.

"Usitoe hiyo nailoni," Viola alimwambia, akimfukuzia nzi usoni ili picha itoke. "Skuta inarudi Kitale leo jioni. Kuna wageni wanaingia."

"Inarudi?"

"Sasa tungeiacha hapa ungeichaji na nini, Nakhungu? Na makaa?"

Watu wa karibu wakacheka. Naye akacheka kidogo, kwa sababu wote walikuwa wanamtazama.

Mheshimiwa akaongea. Akaongea juu ya Mungu, juu ya mahindi, juu ya maadui wake. Akasema mama Nakhungu sasa ni mtalii katika boma lake mwenyewe, na watu wakapiga makofi. Jua likapita kichwani na kuanza kuegemea upande wa Uganda, na mheshimiwa bado alikuwa hajafika kwenye utepe. Wazee wa ukoo walikuwa wamepanga mstari kwenye kivuli cha hema, pua zao zikielekea sufuria.

Hatimaye utepe ukakatwa.

Nakhungu akabonyeza, na skuta ikaenda. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ingekuwa kimya hivyo. Changarawe nyekundu ilisagika taratibu chini yake, na hakuna jiwe lililomgonga meno. Alikuwa ameketi juu kuliko alivyowahi kuketi. Aliona juu ya ua wa Levi, akaona mgongo wa kilima ukiteremka, na chini kabisa mstari wa miti ya mtoni. Mikonge ya baba yake ilikuwa inashuka huko, mmoja baada ya mwingine, mirefu, ya kijivu. Akaongeza mwendo. Viola akawa anakimbia kando yake.

"Polepole! Kwenye bango unasimama!"

Bango lilikuwa mwisho wa kona, limefungwa kwenye miti miwili, kutoka ukingo hadi ukingo. Juu yake palikuwa na uso wa Nakhungu, mkubwa kama mlango wa kanisa, unacheka. Changarawe iliishia kwenye kidevu chake. Nyuma ya bango kulikuwa na mahindi.

"Imeishia hapa kwa nini?"

"Hii ni awamu ya kwanza."

"Na mto?"

"Bajeti, Nakhungu. Cheka kwanza, wapige picha."

"Malori yalipotea, bana!" mtu akapaza sauti kutoka kwenye umati. "Yaliingia kwa mheshimiwa yakashindwa kutoka!" Na kweli, ukigeuka ungeona kutoka hapo: changarawe ile ile nyekundu imepanda mpaka langoni kwa mheshimiwa ng'ambo ya barabara, ikaingia, ikazunguka nyumba, ikazunguka hata banda la kuku. Waliocheka walicheka kwa mkono mdomoni.

Bango lilikuwa limekatwa matundu ili upepo usilipasue. Tundu moja lilikuwa kwenye mdomo wa picha. Kupitia mdomo wake mwenyewe, Nakhungu aliona kofia za wazee zikishuka katikati ya mahindi. Mbele yao alitembea Levi, amevaa buti mpya, akinyoosha mkono kushika mkonge wa kwanza.

"Kuka!" akaita. "Kuka Wekoye! Ningoje!"

Kofia moja ikageuka. "Tumengoja, mayi! Mheshimiwa ameongea mpaka jua imegeuka! Chakula inapoa!"

Akabonyeza mpaka mwisho.

Skuta ikaingia chini ya bango. Kamba ya upande mmoja ikakatika, na uso mkubwa ukamfunika, ukamlamba kichwa na mgongo, ukabaki nyuma. Gurudumu la mbele likaruka mfuo wa kwanza. La nyuma likaingia wa pili, likazunguka, likazunguka, likatupa matope juu kama kuku anayechakura. Skuta ikalala upande. Nakhungu akanyoosha mkono, akakutana na mkonge wa kwanza. Mwiba ukaingia kiganjani. Hakuuachia mkonge.

"Skuta!" Viola alipiga yowe. "Mungu wangu, skuta!"

Wanaume wakaja mbio. Wakamtoa Nakhungu kwenye kiti, wakamweka chini kati ya mistari ya mahindi kama mtu anavyoweka gunia ili apate kushika mzigo wa maana. Halafu wakainua skuta, wanaume wanne, kwa upole. "Angalia kioo," mmoja alisema. "Shika hapo chini." Mwingine akaangaza huku na huku akitafuta kitambaa, akaiona leso iliyokuwa kiunoni mwa Nakhungu, imelegea katika purukushani, akaivuta, akaanza kufuta magurudumu.

"Kuka, nimefika," Nakhungu alisema. Wazee walikuwa wamesimama, hawako mbali. "Hii ni mkonge ya kwanza. Nimeshika. Mnaona damu."

Kuka Wekoye akaangalia mkono. Akamwangalia Levi.

"Kuka, hiyo ni magurudumu ya wenyewe," Levi alisema bila hasira, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya mbolea. "Si yake."

"Ulisema magurudumu! Hukusema ya nani!"

"Nilisema kiti yako, mayi." Mzee akajikuna shingo. "Na sasa hiyo magurudumu iko wapi?"

Ilikuwa inapanda kilima mabegani mwa wanaume wanne, safi, ndara mbili za Nakhungu zikitikisika kikapuni.

"Nileteeni kiti yangu! Iko hapo kwa hema!"

Kiti kilikuwa kinaonekana. Mke wa Levi alikuwa anakisukuma kwenye changarawe laini, kimebeba kreti za soda, nne kwenda juu, na kilipita vizuri sana.

"Mulamwa!" Nakhungu alimwita wifi yake. "Kiti!"

"Ngoja soda ishuke kwanza!" mke wa Levi akajibu. "Ati mheshimiwa hajapata hata moja!"

Kofia zikageuka na kuendelea kushuka. Nakhungu alisikia Levi akishika mkonge wa pili, na wazee wakiitikia kwa pamoja, wamechoka, kama watu wanaoitikia sala ya chakula.

Hakuwa na ndara. Akavaa udongo. Akaweka viganja kwenye mfuo, akavuta mwili, akaweka tena. Samadi, mabua, jiwe, samadi. Alipofika mkonge wa pili, wazee walikuwa wamefika mtoni. Alipokuwa anaelekea kwa unaofuata, walimpita wakirudi, upande wa pili wa mstari, suruali zao zikiparuza majani. Hakuna aliyemsalimia. Kuka Wekoye alipunguza mwendo kidogo. Kisha harufu ya nyama ikashuka kilimani, na mzee akaongeza hatua.

Juu, viti vilikuwa vimejaa wakubwa. Wazee wakalikata bango upande uliobaki, wakalitandika kwenye nyasi, mbali kidogo na utumbo, wakaketi juu yake na sahani zao. Gari la Kitale lilikuwa linawashwa. Nyuma yake skuta ilikuwa imefunikwa turubai ili isipate vumbi.

"Na huu!" sauti ikatoka kwenye mahindi. "Nimeshika na huu! Mnasikia?"

Mheshimiwa akainua kichwa kutoka kwenye sahani. "Nani huyo?"

"Ni dadangu," Levi alisema. "Anacheza." Akamfanyia ishara kijana wa spika, na muziki ukapanda.

Kuka Wekoye alimaliza kunyonya uboho wa mfupa. Akatafuta pa kuutupa mfupa, asimwone mbwa yeyote karibu, akauweka hapo alipoketi, juu ya meno meupe ya picha. Kisha akajifuta vidole, kimoja kimoja, kwenye shavu.